Kipini Kwenye Mtutu

Mume wangu Kificho alipomkosa nguruwe wa kwanza, alisema ni upepo. Alipomkosa wa pili, alisema baruti imeingia unyevu. Alipomkosa wa tatu, aliyesimama kiubavu katikati ya muhogo wangu akitafuna kama mgeni aliyealikwa, alinyamaza mpaka tulipofika nyumbani. Hapo akaitazama bunduki yake, akatikisa kichwa, akasema, "Shabaha imekufa hii."

"Maskini," nikamwambia. "Tuisomee hitima?"

Inafaa mjue mapema kwamba Kificho ni mtoto wa shangazi yangu. Kwetu Wingwi binamu ni mtani wako, na utani huo hauishi kwa ndoa. Ndoa huutia chumvi tu. Yeye ana haki ya kunicheka wali wangu ukiungua, na mimi nina haki ya kumcheka siku zote zilizobaki. Nadhani wazee walituoza kwa kuchoka kutusikiliza uani kwao, wakaona bora tukagombane kwetu.

Bunduki yenyewe ilikuwa gobori, aliyoirithi kwa baba yake, ya kushindilia kwa mdomo. Unamimina baruti, unatia kitambaa na risasi, unashindilia kwa ufito wa mdeki, unaweka fataki chini ya kinyundo, halafu unamwomba Mungu. Mwaka ule wa hamsini na tisa nguruwe mwitu walikuwa wametuzidi. Nyama yao kwetu haramu na hatuna haja nayo. Haja yetu ni muhogo, nao haja yao ndiyo hiyo hiyo. Kila tukifanya msako, Kificho ndiye aliyewekwa penye njia yao ya kutokea, kwa sababu toka ujana wake alijulikana kwa macho.

Macho hayo yalikuwa na kazi nyingine, kubwa kuliko nguruwe. Jioni ya mwezi ishirini na tisa Shaabani watu hutoka kuangalia mwezi wa Ramadhani, na kijijini kwetu mtu wa kwanza kuuona alikuwa Kificho, kama alivyokuwa baba yake kabla yake. Akishauona huenda kwa Khatibu Mbarouk wa msikiti wetu, akaapa mbele yake, na kijiji kizima kikatia nia ya saumu kwa neno lake. Hakuwa na mikarafuu ya kujivunia, hakuwa na mashua, na katika chuo cha Kurani hakufika mbali. Alikuwa na neno hilo tu. Nimemcheka mume wangu kwa mambo mengi, lakini kwa hilo sijapata kumcheka.

Kwa hiyo nilijua kinachomuuma. Mtu anayemkosa nguruwe mzima, nani atamsadiki akisema ameona mwezi mwembamba kama uzi? Na nilikuwa nimeshamwona akisoma msahafu baada ya alfajiri, mikono ameinyoosha mbele, kichwa amekivuta nyuma. Nilimwambia akiendelea vile tutamwita jirani aje amshikie msahafu ng'ambo ya ua. Alinuna siku nzima.

Basi tukaenda Gando kwa Fundi Mmanga, anayetengeneza bunduki na makufuli. Mimi nilikwenda kwa kisingizio cha kumtazama dada yangu. Ukweli ni kwamba nilitaka kusikia.

Fundi aliiweka gobori mapajani, akapitisha kidole juu ya mtutu mpaka kwenye ncha, pale penye punje ndogo ya shaba ya kulengea. Akaikuna kwa ukucha.

"Mzee Kificho, punje hii imeingia weusi," akasema. "Jua likishuka huioni."

Kificho akanigeukia kama mtu aliyeshinda kesi. "Umesikia?"

"Nimesikia. Shaba imezeeka, weye bado."

Fundi akainama kuficha kicheko. Akaeleza kwamba punje ya mfupa ni nyeupe na inaonekana vizuri, lakini ukiigonga kwenye mti mara moja tu inavunjika. Shaba mpya itang'aa, na mwakani itakuwa nyeusi kama hii. Inayofaa kwa mtu anayewinda saa za magharibi ni fedha, kwa sababu fedha hushika hata mwanga uliobaki kidogo.

"Basi tia fedha," akasema Kificho.

"Fedha sina, Mzee. Aliye nayo huvaa."

Kificho akashusha pumzi. "Haya, tia mfupa."

Nami nikachomoa kipini changu puani. Kilikuwa cha fedha, kichwa chake mviringo kama punje ya mtama, nilichotiwa na mama yangu nilipovunja ungo. Nikakiweka kiganjani mwa fundi kabla sijapata muda wa kujuta.

"Rejesha puani, Mize," akasema Kificho.

"Pua yangu haina ugomvi na nguruwe. Tia, Fundi."

Kificho akaanza kunitazama usoni, akaacha, akatazama sakafu. Nilimpenda sana wakati ule, na kama ningemwambia angenitania mpaka kiyama, basi sikumwambia.

Tungeondoka pale kwa furaha lau si pengo. Maana bunduki ina vitu viwili vya kulengea: punje kule mbele, na huku nyuma, karibu na jicho, kijichuma chenye pengo. Ukilenga, unaikalisha punje katikati ya pengo, na mnyama juu yake. Fundi akampa bunduki, akamwambia aielekeze kwenye mnazi nje ya mlango.

"Punje unaiona?"

"Naiona."

"Mnazi?"

"Yakhe, miye naona mpaka nazi zake. Hiyo ya kulia imetobolewa na panya."

"Na pengo?"

"Pengo ni pengo."

"Kingo zake mbili unaziona, Mzee, ama zina ukungu?"

Kificho akafinya jicho, akalifumbua, akafinya tena. Fundi akaichukua bunduki taratibu, kama mtu anayempokea mwenziwe mzigo, akasema macho ya mtu mzima yote huwa hivyo, hata yake yeye. Kitu kikikaa karibu mno na jicho, jicho linakikataa. Dawa yake ni kuling'oa lile pengo na kulilehemu mbele zaidi, kiasi cha shubiri moja.

"Usiliguse," akasema Kificho.

"Mzee, hutampata nguruwe."

"Nshasema usiliguse. Bunduki hino Wingwi nzima waijua. Kila ntu ataona kuwa pengo limehama, na kila ntu atauliza limehamia nini."

Akatoka nje. Nikamfuata, nikamkuta amesimama anautazama ule mnazi kwa chuki.

"Kificho," nikamwambia, "mwezi uko karibu ama uko mbali?"

"Suali gani hilo?"

"Nijibu tu."

"Uko mbali."

"Na msahafu waupeleka wapi upate kuusoma?"

Akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Basi macho yako hayajafa," nikasema. "Yamehama mtaa tu. Sasa yanakaa mbali. Nalo pengo lipelekwe huko huko likakae na wenziwe, ama unataka kumkosa na wa nne?"

Mabega yake yakaanza kucheka kabla ya uso. "Weye ungezaliwa mwanamme ungekuwa wakili," akasema, "na miye ningekuwa jela." Akarudi ndani, akamwambia fundi alisogeze.

Tulipofika nyumbani akatundika kifuu cha nazi juu ya kigingi, akarudi nyuma sana, akapiga. Moshi ulipotawanyika kigingi kilikuwa hakina kitu. Akanigeukia anameremeta kama bwana harusi.

"Kifuu hakina miguu," nikamwambia, nikaingia jikoni kucheka peke yangu kwa furaha.

Wingwi hakuna siri, na bunduki yenye kipini ingekuwa siri wapi? Aliyeanza ni Hija, jirani yetu, ambaye alikuwa mpigaji mzuri wa kutosha na alijua kwamba Kificho akishuka pale penye njia, atakayepanda ni yeye. Alikishika kile kipini mbele ya watu kwenye baraza karibu na msikiti, akasema nguruwe wakikiona watadhani bi harusi anakuja na watajipanga kumpokea. Akalitazama pengo.

"Yakhe Kificho, hili lakwenda safari? Mwaka huu limefika hapa, mwakani litafika mdomoni, na mwaka wa pili itabidi ukamfunge nguruwe mwenyewe shingoni."

Watu wakacheka, na Kificho akacheka nao, kwa sababu ilichekesha. Hata mimi nilipohadithiwa nilicheka. Lakini Hija alikuwa ameshalewa vicheko vya watu, na mtu aliyelewa hajui pa kukomea.

"Na ule mwezi wa mwaka jana uliotufungisha," akasema, "uliuona kwa pengo hili la sasa ama lile la zamani?"

Waliocheka walikuwa wachache, na hawakucheka sana. Wengine waligeuza macho kwa Khatibu Mbarouk, aliyekuwa ametoka msikitini anatafuta viatu vyake. Khatibu ni mtu mwema ila mwoga wa kukosea. Akafikiri, kisha akasema, "Mwaka huu, Bwana Kificho, inshaallah tutapenda apatikane na mtu wa pili auone pamoja nawe."

Kificho alinisimulia haya mchana, akiwa ametia mkono kwenye sahani bila kula. Alijaribu kuyasimulia kwa mzaha.

"Baba yangu hakuombwa wa pili," akasema mwishoni.

Nilikasirika sana. Kumcheka Kificho ni haki yangu, nimezaliwa nayo, wala sikumbuki kumgawia Hija. Na anayetaniwa lazima aachiwe pa kusimama. Ukimng'oa hata pale anaposimama, huo si utani tena. Nilitaka kwenda kumwambia Hija hayo kwao, mbele ya mkewe. Kificho akanizuia. Akasema siku ya msako nguruwe mmoja tu akianguka, midomo yote itafumba, na mwezi utakuja na heshima yake.

Msako ukaangukia siku ile ile ya mwezi ishirini na tisa, kwa kuwa wanaume walitaka kuumaliza kabla ya saumu. Baada ya sala ya alasiri wakaingia msituni upande wa mashariki, wakawa wanapiga kelele na kuwasukuma nguruwe kuja bondeni kwenye mashamba yetu. Sisi wanawake tulipanda kwenye madungu ya kulindia mashamba, tukapiga madebe ili wasipite kwetu. Dungu langu lilikuwa chini ya minazi, nyuma ya Kificho, na yeye alikuwa amepiga goti mbele yangu, kwenye mtaro, akitazama magharibi. Mbele yake palikuwa na kilima kidogo ambacho nguruwe hukipanda wanapotoroka. Hija alikaa mbali upande wa kushoto, na yeye ana bunduki yake, akisubiri kuona.

Kelele zikaja karibu. Jua likazama. Nguruwe wawili wadogo wakapita wakaponyoka, na Kificho hakushughulika nao. Halafu akatoka dume lenyewe, kubwa, jeusi. Likapanda kilima bila haraka, na pale juu kabisa likasimama kiubavu na kugeuza kichwa kusikiliza madebe.

Nikaacha kupiga debe. Kificho akanyanyua bunduki, na mtutu, ambao siku zote ulikuwa ukitafuta huku na huku kama mtu aliyepoteza funguo, ukatulia tuli. Nikajua anaona. Anaona pengo, anaona kipini changu, anaona nguruwe, vyote pamoja. Nikasema moyoni, ya Rabi, mpe. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumwambia Hija.

Kificho akashusha bunduki.

Akaishusha mpaka chini, akasimama wima, mkono juu ya macho, anatazama juu kidogo ya kilima. Nguruwe akamtazama. Kificho hakumtazama. Nguruwe akageuka, akateremka upande wa pili, akaenda zake.

"Mwezi!" akapiga kelele Kificho. "Huo hapo! Mwezi umeandama!"

Watu wakaja mbio kutoka kila upande, wakapanda kilima, wakanyoosha shingo. Wingu refu lilikuwa limeshalala juu ya mahali alipoonyesha. Wakangoja. Wingu halikuondoka mpaka mbingu ikaingia giza, na aliyeuona mwezi hakupatikana mwingine.

Hija ndiye aliyesema. "Yakhe, zamani ulikuwa ukikosa. Leo hata kukosa umekosa!"

Wakacheka, safari hii karibu wote, kwa uchovu na kwa hasira ya muhogo wao. Mmoja akauita mwezi wa nguruwe, na jina likapendwa. Kificho akamwendea Khatibu Mbarouk, akaapa mbele yake kama alivyoapa kila mwaka. Khatibu akamuuliza kwa nini hakupiga kwanza, kisha akatazama.

"Ningepiga, moshi ungeufunika," akasema Kificho.

Kila aliyewahi kusimama karibu na gobori anajua kwamba hilo ni kweli. Ukifyatua, mbele yako panakuwa pameanikwa shuka. Hadi itoweke, wingu lile lingekuwa limeshafika. Lakini ilisikika kama maneno ya mtu anayejitetea, na wakacheka tena. Khatibu akamgusa bega, akasema tutakamilisha siku thelathini za Shaabani. Hakuna aliyesema kwamba Kificho ni mwongo. Bora wangesema, angepata la kujibu.

Nyumbani aliisafisha bunduki, akaitundika, akaniambia huku amenigeuzia mgongo, "Kesho miye nafunga. Imenilazimu, nimeuona. Weye usijitie taabu."

Nikamwambia haya, alale.

Sheria hiyo tunaijua sote, Khatibu mwenyewe ndiye aliyetusomesha darasani. Aliyeuona mwezi kwa jicho lake hana ruhusa ya kula, hata dunia nzima ikiwa inakula. Na anayemsadiki kwa moyo wake, naye vile vile.

Asubuhi kijiji kiliamka kama siku yoyote. Moshi ukatoka kila jiko, watu wakichemsha chai na muhogo, wakifurahi kwamba wamebakiwa na siku ya kula. Jirani yangu Mwatum akaja na kifuu chake mkononi kuomba kaa la moto, kama ilivyo desturi yetu.

"Bi Mize, umeamkaje? Nipe moto, wangu umezima."

"Nimeamka salama, Bi Mwatum. Sina moto, sijawasha."

"Mpaka saa hizi? Kwani unaumwa?"

"Siumwi. Nimefunga."

Nilisema kwa sauti iliyofika ndani, na kwa kumjua Mwatum nilikuwa na hakika itafika na kwa Hija. Akanitazama, akatazama meko yangu yenye jivu la jana, akashika kifuu chake kwa mikono miwili, akaondoka bila kunicheka.

Kificho akatoka ndani na msahafu wake.

"Nilikwambia usijitie taabu," akasema.

"Sijajitia. Nia nilitia usiku, weye ukikoroma."

"Kwani nawe uliuona?"

"Mwezi sikuuona, dungu langu liko chini ya minazi. Nguruwe nilimwona. Niliona alivyosimama, nikaona na mtutu ulivyotulia. Nawe nilikuona ukimwacha."

Akaja akakaa chini pembeni yangu, mbele ya meko yasiyo na moto, na tangu tuwe watoto hiyo ndiyo siku pekee tuliyokaa mpaka adhuhuri bila kuchekana.